Supu ya Mbaazi Iliyoniibia Bwana

Siku nilipomfumania bwana yangu kwa mwanamke mwingine, alikuwa amefumba macho na kijiko kiko mdomoni.

Usicheke kwanza. Ngoja.

Mimi naitwa Marcelline. Hapa Kasongo ukitaja jina langu sokoni, watu watakuuliza: yule wa chakula? Ndiyo, yule. Ikiwa harusi, naitwa. Ikiwa kilio, naitwa. Misheni wakipata mgeni, wananitafuta mpaka kanisani katikati ya wimbo.

Nilikuwa na kiburi kidogo cha mkono wangu.

Kidogo? Nadanganya. Nilikuwa na kiburi kibaya sana.

Sasa fikiria. Bwana yangu Musafiri, fundi wa pikipiki, mtu aliyekuwa anafuta sahani kwa kidole, akaanza kuacha chakula. Chakula changu mimi!

Anamega bugali kidogo, anachovya kwenye mchuzi, anameza kama mtu anayemeza dawa ya kinini. Nyama haigusi.

"Baba Sarah, iko nini?"

"Nimeshiba, Mama Sarah."

"Umeshiba na nini?"

"Na kazi."

Kazi inashibisha tangu lini?

Halafu akaanza kutabasamu mdomo umefungwa. Mdomo umefungwa kabisa, kama mtu aliyeficha siri tamu. Nikajua. Mwanamke hafundishwi mambo haya. Nikajua tu!

Jirani yangu Régina, anayeuza maji ya matunda, ndiye alikuja kuniharibia asubuhi.

"Yaya, dada yangu mkubwa, usikasirike."

Ukisikia hivyo, kasirika mara moja, usipoteze wakati.

"Bwana yako, kila saa ya chakula, iko kwa Laura."

Laura! Mjane aliyetoka Kindu, akafungua resto karibu na soko. Meza zake ziko na vitambaa vyeupe. Nje ameweka ubao, ameandika kwa chaki: POTAGE. Mimi sikujua potage ni kitu gani. Nilifikiri ni jina la familia yake.

Kesho yake nikaenda kujificha nyuma ya magunia ya mihogo, ng'ambo ya resto. Mama mwenye mihogo akaniangalia.

"Mama, unanunua ao unajificha?"

"Vyote viwili. Nyamaza."

Musafiri akaja, akakaa. Laura akamletea bakuli. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, kizito, kinatoa mvuke. Musafiri akaweka kijiko mdomoni, akafumba macho, mabega yake yakashuka.

Ule uso niliujua. Aliuvaa mara ya mwisho siku ya ndoa yetu.

Wanawake wengine wangeingia na kupindua meza. Mimi pia nilitaka. Lakini kiburi kikaniambia: Marcelline, wewe unapigana kwa sufuria.

Nikamtuma Régina aninunulie bakuli moja kwa siri. Nikaonja.

Ilikuwa tamu. Hapo ndipo nililia, sikulia ju ya bwana, nililia ju sufuria yake imenishinda.

Na unajua hiyo potage, yaani supu, ilikuwa ya nini? Mbaazi! Zile za manjano, zilizopasuliwa katikati, ambazo wafanyabiashara wanaleta kwa magunia. Zile nilizokuwa nazidharau, nasema ni chakula cha kambi.

Nikasema, kama ni mbaazi tu, leo leo nyumba hii itakuwa resto.

Mara ya kwanza nilizipika kama ninavyopika kila kitu: mafuta ya mawese, karanga za kutwanga, pilipili. Zikaganda. Musafiri akachomeka kijiko katikati ya bakuli, kikasimama chenyewe. Akakiangalia muda mrefu.

"Mama Sarah, hii ni ya kula ao ya kukandika ukuta?"

Mara ya pili, mtu mmoja sokoni akaniambia bikarbonate inalainisha. Alisema kidogo. Mimi nikatia konzi. Sufuria ikatoa povu, povu likapanda, likamwagika kwenye mbabula, lile jiko langu, likazima makaa yote. Kilichobaki kilikuwa na ladha ya sabuni. Mtoto wangu Sarah-Grâce akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Mama, hii tunaweza kufulia uniforme ya shule."

Mara ya tatu, sitaki hata kuisimulia. Lakini nimeshaanza.

Niliona supu ya Laura ni laini, haina punje. Nikajua tu: ni mikseri! Na Régina ana mikseri yake ya matunda, inayotumia jenereta. Nikabeba sufuria kutoka motoni moja kwa moja mpaka kwake, nikamwaga supu inachemka, nikajaza mpaka juu, nikafunga kifuniko.

"Yaya, hii iko moto sana, tungoje ipoe."

"Régina, mimi nilianza kupika wewe ukingali unatambaa. Washa."

Akawasha.

Pwaaa!

Kifuniko kiligonga bati. Supu ikaruka kila mahali: kwenye nywele zangu, kwenye pagne, kitenge kipya cha Régina, kwenye mananasi yake yote. Ni bahati ya Mungu hatukuungua uso. Mbuzi wa jirani akaja, akanusa chini, akaenda zake.

Hata mbuzi!

Hapo akili ikaniruka. Nilivyo hivyo hivyo, manjano kichwani, nikashika njia ya sokoni. Watu wananisalimia, siitiki. Siku hiyo Musafiri alikuwa ameenda Salamabila kutengeneza pikipiki ya mteja. Nikamkuta Laura peke yake, anapanguza meza.

"Laura! Umemupa bwana yangu nini?"

Akageuka, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama Sarah, ile ni supu yangu iko kwenye kichwa yako?"

"Ndiyo! Hapana! Jibu!"

Akavuta kiti, akaniambia nikae. Sikutaka kukaa. Nikakaa.

"Namupa supu ju hawezi kutafuna," akasema. "Kumbe haujui? Jino yake ilivunjika. Siku ya kwanza alikuja hapa ameshika shavu, akaniuliza kama kuna chakula ya kumeza tu."

Jino. Zile siku zote. Ule mdomo uliofungwa!

"Ilivunjika na nini?"

Laura akaanza kupanguza meza ambayo ilikuwa safi.

"Utamuuliza mwenyewe."

"Nakuuliza weye."

"Na jiwe. Kwenye wali." Akapumua. "Wali yako ya Pasaka, mama. Na alijikataza kukuambia. Anasema dada yake aliona jiwe kwenye chakula yako mbele ya wageni, na mpaka leo haumusalimie."

Ilikuwa kweli. Sikuwa namsalimia. Nilikuwa naambia watu kwamba yule wifi alikuja na jiwe lake mfukoni.

Supu ikadondoka kutoka nywele zangu kwenye kitambaa cheupe cha Laura. Akanishika mkono, akanipeleka jikoni kwake.

Jamani, nilitafuta siri, hakukuwa na siri. Unaosha mbaazi mpaka maji yawe safi. Unakaanga kitunguu na karoti kwa mafuta kidogo. Unatia mbaazi, mfupa wa mbuzi uliokaushwa kwa moshi, maji mengi, moto mdogo. Povu likipanda unaliondoa. Halafu unangoja mbaazi zivunjike zenyewe. Ukimaliza unatoa mfupa, unasukuma supu kwenye chujio kwa mgongo wa upawa. Chumvi mwisho, na ndimu kidogo.

"Na mikseri?"

"Mikseri ya nini, mama?"

"Na nikichoka kungoja?"

"Ukichoka, unakaa."

Jioni, Musafiri akarudi na vumbi lote la Salamabila mwilini. Nikaweka bakuli mbele yake. Akalitazama kwa woga. Akachota kidogo, akaweka mdomoni.

Akafumba macho. Mabega yakashuka.

Nikamwachia amalize. Halafu nikasema: "Baba Sarah, fungua mudomo."

"Eeh?"

"Fungua mudomo."

Akafungua polepole, kama mtoto. Nyuma kule, upande wa kushoto, kipande cha jino kimebaki na fizi imevimba.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ukipika unakuwa na furaha sana. Sikupenda kuiharibu." Akafuta bakuli kwa kidole. "Na tena nilikuogopa."

"Kidogo?"

"Sana."

Nilicheka. Halafu machozi yakaja yenyewe, na yeye akacheka, mdomo wazi, na ule ubovu wote nje.

Asubuhi nikampeleka kung'oa. Alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na nilisema moyoni, bana, baba, nimestahili.

Tulipotoka, nikapigia wifi yangu simu. Ilikuwa ngumu kuliko kung'oa jino, nakuambia. Nikasema yote: jiwe lilikuwa langu, mfuko wake haukuwa na kitu, anisamehe.

Nikafikiri mtandao umekatika.

"Wifi," akasema mwishoni, "ile siku nilitoa jiwe moja tu. Zile zingine nilizimeza."

Siku hizi nachagua mchele juani, nikiwa na miwani ya Musafiri. Na ninyi mnaosoma hapa, mnaopika na kusifiwa: kama nyumbani kwako wote wanasema chakula ni kitamu, kabla haujafurahi, angalia kwanza kama wanatafuna.