Babu Alipokataa

Babu yangu alikufa nikiwa mdogo, lakini nyumbani kwetu Matsangoni hakuacha kutoa amri. Nyuma ya nyumba kuna kijiti cha kuchongwa kilichosimikwa kwa ajili yake, ndiyo koma yake, makao ya roho yake. Likizuka jambo kubwa, nyanya humwendea na kata ya tembo la mnazi, akammwagia kidogo, akaketi, wakazungumza. Akirudi hutueleza alivyosema.

Posa ya dada yangu aliikubali. Ami yangu, kitinda mimba wa nyanya, alipotaka mke wa pili, babu alikubali upesi mno, hata mke wa kwanza akauliza marehemu ana haraka gani. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema nyanya ana wazimu. Tulisema anajua mila.

Kisha akaja mtu anataka kununua shamba letu la mikorosho, lililoandikwa jina la nyanya, ajenge nyumba za wageni. Safari hii mnazi aliuleta ami mwenyewe, tena mtamu. Nyanya akaenda, akakaa, akarudi.

"Amekataa."

Wiki hiyohiyo ami akagundua kwamba mamake ni mgonjwa wa akili. Daktari akilisema hilo, ami ndiye angetia sahihi badala yake, na shamba lingekwenda. Nyanya alijua. Nilimwona akijifunga leso ya safari, nikashikwa na hasira, nikasema nami nitakwenda nao.

Daktari wa pale Malindi alikuwa binti wa bara, mpole, aliyemwamkia nyanya shikamoo kabla ya kuketi.

"Bibi, huwa unasikia sauti za watu wasiokuwepo?"

"Yupo. Kwani kaenda wapi? Mume wangu huyo."

Daktari akaandika. Ami akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikaropoka, "Daktari, hebu muulize ami, mke wake wa pili aliruhusiwa na nani?"

Daktari akamgeukia. Ami akatazama viatu vyake.

"Na baba."

"Alikuwa hai?"

"Hapana."

"Jibu alilileta nani?"

"Mama."

"Alikuwa na akili timamu?"

"Timamu kabisa!" Ami alikuwa anatetea ndoa yake.

"Sasa ugonjwa ulianza lini?"

"Baba alipokataa kuuza shamba," akasema, na papo hapo akajisikia mwenyewe.

Daktari alijikohoza muda mrefu. Alimuuliza nyanya habari za usingizi, chakula, majirani na mvua, akajibiwa vyema yote. Akasema haoni ugonjwa wa akili hapa, akampa dawa ya magoti.

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Huko nje ami alimshika mamake mkono kumvusha barabara, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Walipofika katikati akamwinamia sikioni.

"Mama, jioni muulize tena. Mwambie nusu tu."