Maharagwe ya Mbao

"Nani amekutuma uyatenganishe?" aliniuliza bibi kizee niliyemwita shosho.

Nilikuwa nimetoka chuo, nikibuni michezo ya wazee wasioweza kutoka nyumbani. Huyu aliishi mtaa wa Rhonda na binti yake, na miguu ilikuwa imekataa. Aliwahi kuniambia anatamani tena kutoa mawe kwenye maharagwe. Nikamtengenezea sinia lenye mabakuli mawili na maharagwe makubwa ya mbao, mekundu na meupe, yanayoshikika kwa vidole vigumu.

"Mekundu huku, shosho, meupe huku."

Alianza vizuri. Mabakuli yalipokaribia kujaa, akaacha ghafla. Akanitupia lile swali, akayamwaga yote kwenye sinia na kuyakoroga haraka, kama mtu anayezima moto.

"Mama, si ni mchezo tu," binti yake alisema.

"Mchezo wa nani?"

Nilishuku rangi, kwa hiyo wiki iliyofuata nikaleta ya bluu na ya njano. Akayachanganya tena, akilia bila sauti. Nikaanza kushuku hata masomo yangu. Mwishowe niliondoa mabakuli, nikamwachia sinia na maharagwe tu. Akayapapasa yakiwa yamechanganyika mpaka akasinzia.

Shosho alikuwa amefariki zamani binti yake aliponieleza. Wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana walisimama kwenye lango la ploti yao, wakauliza majina, wakawapanga wapangaji pande mbili. Mume wa shosho alikuwa wa kabila lingine, akawekwa upande wa pili.