Siku Nilipoliliwa Nikiwa Karantini

Naandika haya nimefunika uso kwa mkono mmoja, maana mpaka leo nikipita kwenye avenue yetu kuna mama mmoja ananiita "Marehemu", na mimi naitika, nifanye nini.

Ilikuwa wakati wa korona, hapa kwetu Lubumbashi. Nilikuwa nimetoka Kasenga kumchukulia Mama samaki wakavu (Mama anauza sokoni, mimi ndiye miguu yake), kumbe ndani ya lori letu kulikuwa na mgonjwa, basi mama mmoja wa afya akaja akaniambia nibaki ndani ya parsele, nyumba na uani tu, siku kumi na nne, nisiguse mtu. Mama ana tension, presha ya damu, na daktari alishamwambia kwamba habari mbaya moja ya ghafla inaweza kumwangusha. Akahamia kwa tantine, dada yake, kule mtaa wa Katuba, akaniachia unga, makala ya jiko na baraka.

Siku tatu za kwanza nililia tu. Ya nne kiongozi wa kwaya yetu akanipigia simu. "Bijou, kila siku andika kitu kimoja cha kumushukuru Mungu." Nikachukua kaye ya zamani, daftari langu la shule, nikaandika: avoka (parachichi letu la uani) imeanguka bila kupasuka. Kesho yake: nimelala mchana na hakuna aliyenituma. Siku ya nane niliandika "chumvi", kwa sababu nilikuwa nimechoka hata kushukuru.

Siku ya tisa nikasema hapana, leo natafuta raha. Mimi nina ndoto ya kufungua terasi ya samaki, viti safi, watu wanakula wakicheka, basi nikaona niijaribu palepale uani. Nikatoa viti kumi na viwili vya plastiki (ni vya akina mama wa kanisa, Mama ndiye anavitunza), nikavipanga kwa mviringo. Mti wa avoka ulikuwa unaziba jua, nikaupunguza, na yale matawi nikayaburuta nje, nikayalaza mbele ya mlango mkubwa yamngoje mtu wa pusipusi, ule mkokoteni wa takataka.

(Wenzangu wa Lubumbashi, najua mmeshaelewa. Kwetu matawi mabichi mbele ya mlango yana neno moja tu: hapa kuna kilio, ingieni. Mimi mwenyewe nimeyaona tangu utoto, lakini mtu aliyefungiwa siku tisa akili yake inalala kabla yake.)

Nikawasha moto katikati ya viti, nikaimba nyimbo tatu za kwaya, zile za polepole, kisha uchovu ukanishika, nikajinyoosha kwenye mkeka, na kwa sababu ya nzi nikajifunika shuka jeupe kuanzia miguu mpaka kichwa.

Niliamshwa na kilio. Kwanza nikadhani ni ndoto, halafu nikatambua sauti ya Mama Mwamba, jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Bijou wetu. Asubui nilimusikia anaimba, kumbe anatuaga."

"Korona haina huruma," mwingine akasema. "Mutoto wa roho muzuri vile."

"Muzuri sana. Hata kama bukari yake ilikuwaka ya majimaji."

Bukari ndiyo ugali wetu, na kwa ugali wangu nisingeweza kunyamaza. Nikaketi na shuka langu, nikasema, "Majimaji namna gani?"

Jamani, ule mlango ni mwembamba, na akina mama walikuwa kama ishirini. Masahani ya unga yaliachwa, mfuko wa makala ukaachwa, papa mmoja, mzee wa jirani, akapita juu ya ukuta na kofia yake mkononi. Mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo, na hapo Mama Mwamba, akiwa ameshafika barabarani, akapiga kelele, "Unacheka? Tulishapigia mama yako simu."

Kicheko kikakauka. Nikampigia Mama, simu inaita tu. Nikapiga mara saba. Nikakaa kwenye kiti kimoja cha ile terasi yangu, nikitazama mlango, nikimwaza barabarani na ile tension yake, na ndoto zote zikanitoka mwilini.

Mama alifika na aproni ya samaki na kiatu kimoja. Alikuja moja kwa moja.

"Mama, usiniguse, kuko sheria."

"Sheria njo ilikuzala?"

Akanishika uso, akanipiga kofi, kisha akanikumbatia, na magamba ya samaki yakabaki kwenye shavu langu.

Mama wa afya, naye akiwa amesikia habari za kilio, alikuja saa hiyohiyo, akatutazama, akasema kwa uchovu, "Basi, ninyi wawili, muanze upya. Siku kumi na nne."

Mama akajiangusha kwenye kiti cha plastiki, chini ya mti wangu ulionyolewa, akanyoosha miguu.

"Tangu nilikuzala siyaikala hivi," akasema. "Leta maji."

Jioni ile nikaandika kwenye kaye: Mama amekaa.

Hatukuugua. Vitu vya kilio havirudi kwa aliyevileta, kwa hiyo tulikula unga wa msiba wangu mwenyewe siku zote kumi na nne, na Mama ndiye aliyesonga, bukari ngumu kama ukuta, maana alikuwa ameshaambiwa habari ya majimaji.

Mimi sasa tawi hata la kidole halipiti mlango wetu, nalichoma uani. Na nikilala mchana, nafunika miguu tu.