Kistari cha Ugoro

Juzi mjukuu wangu alinionyesha jinsi anavyoiamuru kompyuta ikate mstari mrefu wa maandishi vipande vipande. Anaipa alama ya kutafuta, ikiiona, inakata. Nikamwambia kazi hiyo niliifanya kwa wembe kabla mama yake hajazaliwa. Alicheka. Sikumlaumu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kate. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule ili niwalee wadogo zangu watatu. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, katibu wa kijiji alinipa kazi ya kuandaa orodha ya kaya zitakazogawiwa mashamba. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ameandika majina yote kwa mfululizo, asipoteze karatasi, na kila kaya ilipoishia aliweka kistari. Nilichotakiwa ni kukata penye kistari na kubandika kila kaya ukurasa wake.

Nikakata. Nyumba kumi zikatoa kaya ishirini na tatu. Mojawapo ilikuwa na mtoto mchanga peke yake.

"Shikamoo, balozi. Huyu mchanga atalima na nani?"

"Marahaba, binti. Ah! Hapo nilipumzika kuvuta ugoro. Niliweka alama nisisahau nilipoishia."

"Mzee," katibu akasema, "pua yako imeanzisha kaya kumi na tatu!"

Nikaviunganisha vipande kwa uji. Katibu akaweka kanuni mpya: nikate tu pale ambapo kistari kinafuatwa na "Mzee" au "Mama", maana ndivyo balozi alivyoanza jina la kila mkuu wa kaya. Mjukuu wangu anasema hata kompyuta hufundishwa hivyo, isitazame alama peke yake, itazame na kinachoifuata.

Safari hii zikatoka kaya tisa. Yetu haikuwemo. Jina langu halikutanguliwa na kitu, basi sisi wanne tukabaki tumening'inia mkiani mwa kaya ya baba mdogo. Naye tangu msibani alikuwa akisema tugawanywe kwa ndugu, mmoja huku, mmoja kule. Bila shamba letu wenyewe ningemjibu nini?

"Niikate na hii?" nikamwuliza katibu.

"Kanuni ni kanuni. Leo ukijikatia kwa kuwa wembe unao wewe, kesho je?"

Nikampelekea balozi karatasi. Aliitazama, akachukua kalamu, akaandika "Mama" mbele ya jina langu.

"Lakini sijaolewa, balozi."

"Nani anawapikia?"

"Mimi."

"Nani anawafulia?"

"Mimi."

"Basi usinicheleweshe, ugoro unanisubiri."

Nikarudi ofisini, nikakata.

Nilipofika nyumbani nikawasimulia wadogo zangu. Kitinda mimba wetu akapiga magoti mlangoni, uso mkavu kabisa: "Shikamoo, Mama." Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nikamtuma maji.

Shamba tulilopewa lilikuwa na mawe mengi. Tuliyaokota wote wanne.