Wasifu wa Kasimiri Akiwa Mzima

Mdogo wangu Kasimiri ni mwandishi wa riwaya, na nikisema riwaya naomba usifikirie kitabu cha kawaida. Ya kwanza ilihusu msafara wa zamani wa kutoka hapa Tabora kwenda pwani, lakini ndani hakuna mtu hata mmoja. Inasimuliwa na mizigo. Jora la kitambaa linalalamika, chumvi inajibu, pembe ya ndovu imenuna kurasa nzima nzima. Ya pili haikushonwa kabisa. Kurasa ziko huru ndani ya mfuko, uzichanganye utakavyo. Murtadha wa duka la jirani, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Omani wakabaki hapahapa, aliiweka kaunta kwa moyo mweupe. Mteja mmoja akarudisha mfuko wake akidai kitabu kimemfumukia. Kasimiri alifurahi wiki nzima. Mimi niliona aibu.

Kinachomlisha ni stesheneri yake pale Ng'ambo. Anachapa barua za maombi, kadi za harusi, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla ya kwenda makaburini: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliugua nini, ameacha nani. Kachapa nyingi mpaka ikamwingia kichwani riwaya ya wasifu mtupu: mtu mmoja anayeandikiwa wasifu tena na tena, kila mara na mtu mwingine. Wa kwanza ajiandikie mwenyewe. Na ili mkono usidanganye, akasema, akatumia jina lake.

"Kasimiri, huko ni kujiitia mkosi," nilimwambia.

"Dada, ni hadithi tu."

Hadithi tu. Nililala vibaya tangu siku hiyo.

Ana utaratibu wake mwingine: kila sura lazima ipite kwa mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani, na Lukumani, fundi viatu anayekaa kibarazani pa stesheneri, ni Mzaramo kamili. Kasimiri humpa kurasa azichanechane kwa maneno, maana rafiki atakusifu, lakini mtani hakuonei haya, na akikutukana huruhusiwi kununa. Ni Lukumani huyuhuyu aliyeingia kwenye kaburi la baba yetu kule Puge, kijijini kwetu, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Tangu msiba ule yumo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu.

Sasa asubuhi ile akapewa ukurasa wa kwanza, msalaba juu na jina la mdogo wangu chini yake. Akaupiga picha, akaurusha kwenye kundi na maneno yake: "Mnyamwezi wenu kafa kwa kuvimbiwa michembe, hivyo viazi vyenu vikavu. Nakuja kumzika, mniandalie jogoo."

Alidhani Puge nzima itacheka. Angeandika pole, watu wangeshtuka wakapiga simu kuulizia. Lakini mtani akitania hivyo, msiba upo. Walipoona Lukumani anadai jogoo, hakuna aliyebaki na shaka.

Kasimiri akaandika kwenye kundi, "Jamani, mimi ni mzima." Akajibiwa, "Wewe uliyeshika simu ya marehemu, muogope Mungu." Nikampigia katekista wa Puge. Kwa hasira nilizokuwa nazo nilifoka mpaka sauti ikanikauka, naye akasikia kilio. "Jikaze, dada," akaniambia, "akina mama wa jumuiya wameshawasha moto uani kwenu." Akakata, na baada ya hapo hakupatikana.

Uani kwetu ndiko anakoishi mama yetu Veneranda, sisi tunamwita Mayu. Ana presha. Daktari alishatuonya asipewe habari za ghafla, na simu yake huzimika mpaka mtu akaichaji senta.

Murtadha alifunga duka, akatoa gari. Njia yote ile ya Nzega nilikuwa nakagua sura za waendesha pikipiki waliotoka mbele yetu, kama kuna anayejua kitu. Lukumani alikaa kando yangu ameshika nyundo ya viatu; nadhani hakujua kama ameibeba.

"Dada," Kasimiri akaanza, "tukimkuta Mayu..."

"Nyamaza." Niliogopa kusikia sentensi hiyo inaishia wapi. Nilikuwa najiambia nitamzika mama yangu kwa sababu ya riwaya, tena riwaya ambayo haijaisha.

Tulikuta turubai limefungwa na rozari inasaliwa. Walipomwona Kasimiri anashuka, sala ikakatikia katikati. Bibi mmoja alirudi kinyumenyume mpaka akajikwaa kwenye sufuria. Mayu alikuwa kwenye mkeka, khanga kichwani, macho makavu.

Kasimiri akapiga magoti. "Shikamoo, Mayu."

"Marahaba." Akamshika uso, masikio, mabega, kama anakagua kuku wa kununua. Mimi nikakaa palepale nilipo.

"Wamenisomea karatasi yako," Mayu akasema. "Nikawaambia wairudie, labda wameruka. Ameacha mke. Ameacha watoto. Ameacha dada yake Advera. Nikajiuliza, mimi huyu mtoto kaniweka wapi? Au kwake nilishakufa?"

"Nilijaribu, Mayu. Kila nikikuandika nakuona umekaa chini hivi, na khanga kichwani. Nikakufuta."

"Na nimekaa. Hukuniandika, na nimekaa."

Lukumani aliinamisha kichwa. Hakudai jogoo.

"Lete kalamu," Mayu akasema. "Niweke."

Kasimiri aliandika karatasi ikiwa gotini. Mayu akataka isomwe. Alifika "Ameacha", akarudi mwanzo, akafika tena "Ameacha". Nikamnyang'anya, nikasoma mimi: "Ameacha mama yake, Veneranda, wa Puge."

Ndipo Mayu akalia. Alilia kilio cha msiba chenyewe, na mwanawe mzima kamlalia mapajani, na hakuna mwanamke hata mmoja pale aliyemwambia anyamaze.