Mulongwe Ukinyamaza

Usinicheke, rafiki yangu. Juzi mchana, hapa Lyon, mji wa Ufaransa anakoishi ndugu yangu mdogo, nilimkamata binti yake mkono nikapanda naye mbio ngazi za kando ya mto, mvua inatunyeshea, watu wenye miavuli wanatushangaa. Mtoto analia kiatu chake kimebaki chini. Na hakukuwa na kitu. Mvua tu ilikuwa inanyesha, na ule mto wao, Rhône, ulikuwa mpana, umejaa, umenyamaza kimya. Ni huo ukimya ulionitoa roho.

Mji wenyewe ni mzuri, sikatai. Bomba halikauki, na hata mbwa wanavalishwa koti. Lakini milima yao iko wapi? Kwetu Uvira, ukitaka kujua siku itaishaje, unainua macho tu. Milima iko juu ya vichwa vyetu, ziwa liko miguuni, na maji yote ya huko juu yanapita katikati yetu kushuka Tanganyika. Hapa nimeinua macho nikaona maghorofa. Sijui maji yatatokea upande gani. Wenyewe wanakimbia mazoezi kwenye mvua, masikio wameyaziba na vidude vya muziki, na mto uko hapo pembeni yao. Watu wasioogopa wananiogopesha.

Minye, ndivyo tunavyosema mimi kwetu, nilikulia Mulongwe, mtaa uliochukua jina la mto wake. Siku za kufua, tate, yaani mama wa mama yetu, alinibebesha beseni na kipande cha sabuni, tukashuka pamoja na majirani. Kelele zilikuwa nyingi: nguo zinapigwa kwenye mawe, wanawake wanawasema waume zao, sisi watoto tunarushiana povu. Mchana tulikula bugali baridi na ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, vidole bado vinanuka sabuni. Sijapata kula kitamu kama kile.

Ila mama mmoja hakufua. Kila tuliposhuka, mmoja wao aliachiwa kazi moja, na nguo zake wenzake waligawana. Alikaa juu ya jiwe, uso umeelekea mlimani, anasikiliza. Kumsemesha ilikuwa mwiko. Alisikiliza mawe, maana Mulongwe ukiwa mzima unayagonganisha chini ya maji mchana kutwa. Mvua ikinyesha huko juu, kelele zinaongezeka, na hapo bado unaweza kusuuza nguo zako. Lakini zikipungua ghafla, ujue udongo na miti vimeporomoka vikaziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo msikilizaji anapiga beseni, na kila mtu anapanda ukingoni vile alivyo. Hata kitenge kipya unakiacha. Tate alizoea kuniambia, "Mto ikipiga kelele, iko hapa. Ikinyamaza, iko njiani inakuja."

Mwaka mmoja jirani yetu alipata mkwe, msichana wa Lubarika, kule chini kwenye uwanda wa Ruzizi, ambako maji yanatembea polepole kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa na furaha ya ugeni, anasalimia mpaka watoto. Siku yake ya kwanza kushuka nasi, zamu ya kusikiliza ilikuwa ya tate. Kwetu jua lilikuwa linachoma. Huko juu, upande wa Bijombo, mbingu ilikuwa nyeusi.

Tate akapiga beseni. Tukapanda mbio, minye nimeshikilia kitenge chake. Nilipogeuka, bibi arusi alikuwa bado chini. Shati ya mume wake ilikuwa imemponyoka ikanasa katikati ya mto, na sasa maji yalikuwa yamepungua mpaka kwenye vifundo vya miguu, yametulia. Kwa alivyozoea huko kwao, huo ndio ulikuwa wakati mzuri wa kuingia. Wanawake walimwita kwa nguvu zao zote. Aliishika shati, akaiinua juu tuione, anacheka. Ndipo maji yakaja, yamebeba miti na mawe, na pale alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu tena.

Tate alikaa chini palepale ukingoni, beseni mapajani, akaendelea kulipiga. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Leo tate hayupo. Ule ukingo wa kufulia ulibebwa na maji, na nyumba yetu pamoja nao. Wanawake wa siku hizi wanafulia nyumbani, na mtaa ni pikipiki na muziki wa maduka kutwa nzima, hata mtu akitaka kuyasikiliza mawe hayasikii. Ndugu yangu alitolewa Uvira kwa sababu ya vita akiwa bado ananyonya, hayo yote hayajui. Sasa anataka binti yake aende nami, apitishe likizo kwetu, aujue ukoo wake. Tiketi imeshanunuliwa. Nilimwomba asubiri kiangazi, akacheka, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, weye unaogopa maji kuliko bunduki."

Ni kweli. Bunduki angalau inapiga kelele.

Jana, baada ya chakula, nilimkalisha mtoto karibu yangu nikamweleza yote, kwa Kifaransa changu cha shule na Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilimwambia juu ya mawe, beseni, shati. Alitulia, hakucheza na kitu. Nilipomaliza akaniuliza.

"Shangazi, huyo bibi arusi jina lake nani?"

Sisi watoto hatukulijua kamwe. Kwetu alikuwa bibi arusi tu, mkwe wa jirani, na kisha watu wakaona vibaya hata kumtaja. Nikaona haya kumwambia mtoto kwamba hana jina. Nikatafuta lolote la kumpa, na lililonijia kwenye ulimi lilikuwa jina la huyuhuyu aliyekaa mbele yangu, ananitazama. Nikaziba mdomo kwa mkono.