Kile Kinachonukia

Kwa miaka thelathini na moja MaCele alilichuma jani lile bila kulitaja hata mara moja. Aliwachemshia watoto wenye kikohozi, akalifunga juu ya vidonda, akalishindilia kwenye mito ya waliokosa usingizi. Lakini kulitaja ni mwiko: baba mkwe wake aliitwa Mphephethe, na jani lenyewe ni imphepho. Mke wa Kizulu halitamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Mzee alikufa zamani, mwiko ukabaki. Basi kwa MaCele ni "kile kinachonukia", na watu wa nyumbani humwelewa.

Sasa ameteguka mguu, na mama mkwe wake, MaZondi, ana siku ya tano halali kwa kukohoa. Ikabidi kilimani apande Zibuyile, makoti wake, yaani mke wa mwanawe, aliyeletwa mwezi uliopita kutoka Durban.

Akarudi na pakanga. Akarudishwa. Akarudi na mnanaa pori.

"Siyo, makoti! Majani ya kijivu, laini, maua ya njano!"

"Mama, hata pakanga ni ya kijivu, ina maua ya njano, na inanukia! Niambie jina, niwaulize akina mama kisimani."

"Jina silitamki."

"Basi niandikie."

Iwapo kuliandika nako ni mwiko, hakuna aliyewahi kumwambia, na kalamu yenyewe haikuwemo nyumbani. Chumbani MaZondi alikohoa mpaka kitanda kikalia. MaCele alijawa na hasira: na mguu, na mlima, na heshima inayomnyima mgonjwa dawa.

"Imphepho!" akapiga kelele. "Imphepho! Haya, nenda!"

Zibuyile akatoka mbio, akilirudia jina njia nzima asilisahau, naye ni bi harusi wa nyumba hiyo hiyo, mwenye mwiko huo huo.

"Nimewasikia," sauti ya MaZondi ikatoka chumbani. "Faini ni kuku wawili. Wako, na wa huyo anayepiga mbiu."

Jua lilikuwa bado juu jani lilipofukizwa kwenye kigae kando ya kitanda. Moshi huo huo ndio unaoita wazee waliotangulia, na MaCele alijua ni nani atakayefika wa kwanza.

"Baba," akaung'akia moshi, "jina lako nimelitaja. Ukitaka lisitajwe tena, siku nyingine panda ukachume mwenyewe."

Akangoja ajibiwe. Kilichojibu ni mkoromo wa MaZondi.